Bibi Katika Harusi ya Sare

Harusi ya mjini nchini Tanzania siku hizi ni mlolongo wa shughuli. Kicheni pati humfunda bi harusi na kumpatia vyombo, sendofu humuaga kwao, ndoa hufungwa msikitini, kanisani au bomani, tafrija hufanyika ukumbini, na mwisho kamati ya maandalizi huvunjwa kwa sherehe yake yenyewe. Desturi ni kuzitawanya shughuli hizi kwa wiki kadhaa. Familia ambazo jamaa zake wanatoka mikoa ya mbali au ng'ambo huzibana kati ya Ijumaa na Jumapili, ili mtu akisafiri mara moja azione zote. Kila shughuli hupewa rangi yake, na kila kundi la ukoo hushona sare yake.

Ndani ya pilikapilika hizo yumo bibi. Kadi ya mwaliko haimtaji, kamati haimdai mchango, na ratiba ya mshereheshaji mara nyingi humpa dakika chache tu za kusimama na kupungia watu mkono. Hata hivyo, yapo mambo ya harusi ambayo hakuna mwingine wa kuyafanya ila yeye: kupokea haki yake katika mahari, kumtania bwana harusi bila kumkosea adabu, kueleza nani ni ndugu wa nani, na kuwapa maharusi radhi za wazee.

Haki ya bibi katika mahari

Nafasi ya bibi huanza kabla rangi yoyote haijachaguliwa, siku wajumbe wa upande wa kiume wanapokuja kuposa. Katika pwani ya Waswahili, malipo ya ndoa yaligawanywa tangu zamani kwa kadiri ya kazi iliyofanywa na kila mlezi. Kilemba ni cha baba. Mkaja, yaani kitambaa anachofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua, ni wa mama, na ubeleko ni malipo ya nguo iliyombeba mtoto mgongoni. Desturi za ndoa za pwani zimeelezwa kwa kirefu katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903 kutokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenzake.

Katika makabila mengi ya bara, orodha ya mahari huwataja babu na bibi waziwazi: blanketi la babu, shuka au doti ya kanga ya bibi. Siku hizi vitu hivyo mara nyingi hugeuzwa fedha na kuandikwa kwenye barua kama mafungu, lakini jina la fungu hubaki lilelile. Maana yake ni kwamba binti hakulelewa na wazazi wawili peke yao. Bibi aliyemkanda mama mzazi kwa maji ya moto, aliyembeba mtoto wakati mama yupo shambani au kazini, naye ana lake.

Kisheria, mafungu hayo si sharti la ndoa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka hiari ya wanaooana na taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, na inasema wazi kuwa ndoa iliyotimiza masharti yake haibatiliki kwa sababu desturi ya mahari au zawadi haikufuatwa. Pamoja na hayo, ni nadra familia kuliruka fungu la bibi. Shuka lisilopelekwa hukumbukwa kwa miaka, na huibuliwa ndoa ikipata mtikisiko.

Rangi, kanga na sare

Kuvaa rangi moja harusini si jambo jipya pwani. Kanga ilienea Unguja na Mombasa katika nusu ya pili ya karne ya 19, na mmoja wa wafanyabiashara wake wakongwe, Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, anayejulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, alianza shughuli mwaka 1887. Miongoni mwa kanga zote, kisutu ndiyo kanga ya harusi: nyekundu, nyeusi na nyeupe, yenye nakshi zilezile tangu enzi za mabibi wa mabibi. Somo, shangazi na majirani walipojifunga kanga za aina moja kwenda kumtoa mwali, hiyo ilikuwa sare kabla neno hilo halijaingia kwenye vikao vya kamati.

Gauni jeupe lilikuja kwa njia nyingine. Mtindo huo ulipata umaarufu Ulaya baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa kwa gauni jeupe mwaka 1840, na makanisa ya wamisionari yakauleta Afrika Mashariki. Kitenge nacho kina historia yake: Waholanzi waliiga batiki za Java kwa mashine katika karne ya 19 na kupata soko kubwa Afrika. Baada ya uhuru, viwanda vya ndani kama Urafiki cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1968, vilichapa kanga na vitenge vilivyovaliwa katika harusi za mijini na vijijini. Kutoka Nigeria, ambako Wayoruba wana desturi ya muda mrefu ya ukoo mzima kuvaa kitambaa kimoja kwenye sherehe, filamu na mitandao vimeleta vilemba vikubwa vilivyokunjwa kwa ustadi.

Leo kamati huchagua rangi na kuzigawa. Familia ya bi harusi inaweza kupewa damu ya mzee na dhahabu, ya bwana harusi samawati na rangi ya maziwa, na wanakamati zambarau. Meza, maua, keki na hata taa za ukumbi hufuata rangi hizo. Faida yake huonekana mara moja: mgeni akiingia anajua nani wa upande upi, na picha hupendeza. Hasara yake ni gharama, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuhitaji nguo tatu kwa siku tatu, na fundi cherehani huelemewa mpaka nguo nyingine zikamalizwa asubuhi ya harusi.

Kwa bibi, sare inahitaji busara. Kitambaa kinaweza kuwa kile cha wote, lakini mshono uwe wake. Gauni linalobana mapaja humzuia kupanda ngazi za ukumbi, na linaloburuta humkwaza. Mafundi wazoefu humshonea gauni pana lenye mikono mirefu kiasi, pindo likiishia juu ya kifundo cha mguu, na mtandio wa kitambaa hichohicho kwa ajili ya ubaridi wa viyoyozi. Familia nyingine humwacha avae doti yake ya kanga na kumwongezea tu kilemba au ushungi wa rangi ya siku hiyo. Njia hii ni nafuu, na humtofautisha na mashangazi, jambo ambalo kwa mtu wa rika lake ni heshima. Sare ya bibi kwa kawaida hununuliwa na watoto wake au wajukuu, naye hadaiwi.

Ijumaa: hina na mafunzo

Katika harusi ya siku tatu, siku ya kwanza ni ya wanawake. Katika familia za pwani bi harusi husingwa kwa singo, mchanganyiko wa manukato kama liwa, karafuu na maua ya waridi yaliyosagwa, kisha hupakwa hina mikononi na miguuni. Nyumba hufukizwa udi kwenye chetezo, na wanawake huvaa vikuba vya asmini na mrehani. Kwa familia nyingi za Unguja, Mombasa na Oman, rangi ya usiku wa hina ni kijani.

Bibi ndiye anayejua kipimo cha vitu hivi. Hina halisi hutoka kwenye majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Ikitolewa huonekana ya rangi ya chungwa, na huiva kuwa nyekundu ya kahawia baada ya siku moja au mbili. Ndiyo maana mabibi husisitiza ipakwe mapema, si asubuhi ya ndoa. Piko, ile nyeusi inayoshika kwa dakika chache, ni jambo jingine. Mara nyingi huwa ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, ambayo inaweza kuunguza ngozi, kuitoa malengelenge na kumwachia mtu mzio wa kudumu. Hiyo haifai kupakwa ngozi ya bi harusi, wala ya bibi ambayo imeshakuwa nyembamba kwa umri.

Mafunzo ya unyumba hutolewa na kungwi au somo, ambaye pwani na katika makabila mengi ya mashariki na kusini mwa Tanzania huwa ni mwanamke mtu mzima aliyepewa kazi hiyo. Bi Kidude, mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 2013 akiwa kikongwe, alifahamika duniani kwa taarabu, lakini visiwani alijulikana pia kwa ngoma za unyago na kwa kuwafunda wasichana. Yeye ni ushahidi kwamba uzee katika shughuli hizi ulikuwa mamlaka, wala haukuwa sababu ya kumkalisha mtu pembeni. Katika kicheni pati za kisasa kungwi hukodiwa, huja na kipaza sauti na vichekesho, na ukumbi hujaa zawadi za sufuria na majiko ya gesi. Baadhi ya familia hurekebisha upungufu wa mtindo huu kwa kutenga muda nyumbani, usiku huohuo, ili bi harusi azungumze na bibi zake faraghani. Yasemwayo chumbani humo hayahitaji kipaza sauti.

Jumamosi: ndoa na ukumbi

Katika ndoa ya Kiislamu, bibi hawi walii, yaani mwozeshaji. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani, baba ndiye wa kwanza kumwozesha binti, na asipokuwapo ni babu mzaa baba. Mamlaka ya bibi huonekana mlangoni. Bwana harusi anapokuja kumchukua mkewe, mlango hufungwa na haufunguliwi mpaka atoe kifungua mlango. Aliyemwosha miguu hupewa kiosha miguu, na bi harusi mwenyewe hupewa kipa mkono. Mabibi na mashangazi ndio wanaosimamia zogo hilo, na kwa kawaida bei hupanda kadiri vigelegele vinavyozidi.

Utani wa bibi na mjukuu ndio chumvi ya siku hii. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, na bi harusi anapoletwa humpokea kama mke mwenza aliyekuja kumnyang'anya. Hudai faini, huapa kuwa haondoki chumbani, kisha hufungua kibindo na kumtuza. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940 kuhusu utani, alieleza kwamba katika jamii nyingi uhusiano wa mzazi na mtoto umejengwa juu ya nidhamu na heshima, ilhali wa babu au bibi na mjukuu ni mwepesi na wenye mzaha. Harusini utani huo una kazi. Mama wa bwana harusi hawezi kumwambia mkwewe neno zito bila kuleta mfundo. Bibi huweza kulisema neno hilohilo kwa mzaha, likachekewa na bado likasikika.

Nchini Kenya uhusiano huu una sura nyingine kwa Wakikuyu. Kwa desturi yao binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na wa pili la mama wa mama yake. Bi harusi kwa hiyo anaweza kuwa na jina la bibi aliyeketi mbele yake, na ukoo humwona bibi kana kwamba yeye mwenyewe anaolewa tena. Katika shughuli ya mahari, inayoitwa ruracio, wasichana hufunikwa leso na bwana harusi hutakiwa kumtambua wake. Akikosea hulipa faini huku mabibi wakimcheka.

Ukumbini mambo huenda kwa ratiba. Maharusi huingia wakifuatana na matarumbeta au muziki wa sebene, wanawake wa ukoo huwatandikia kanga na vitenge wapite juu yake, familia hutambulishwa, keki hukatwa. Katika harusi za Wachaga huletwa ndafu, mbuzi mzima aliyebanikwa na kutiwa majani mdomoni, na kipande cha kwanza hulishwa kwa heshima. Maharusi huwapelekea wazazi keki yao, na familia makini hutenga keki ya babu na bibi. Kisha hufika zamu ya kutoa zawadi, ambapo makundi ya sare hucheza kwa mstari kuelekea meza kuu.

Hapa ndipo bibi hupotea kama hakupangiwa. Makosa matatu hujirudia. La kwanza ni kumkalisha karibu na spika. Shirika la Afya Duniani, katika kiwango chake cha mwaka 2022 kwa kumbi za burudani, lilipendekeza sauti isizidi wastani wa desibeli 100, na kumbi za harusi zinaweza kupita hapo kwa urahisi. Mzee ambaye usikivu wake umepungua haoni burudani katika kelele hiyo, huona adha. La pili ni kumwita kutoa nasaha saa tano usiku, akiwa amechoka na wageni wanaelekea kwenye foleni ya chakula. La tatu ni kumtambulisha kwa jumla, pamoja na wazee wote, bila jina lake wala uhusiano wake na maharusi. Dawa ya yote ni mpango: bibi akalishwe mbali na spika, aitwe mapema, mara baada ya maharusi kuketi, kwa jina, na muziki uzimwe anaposema.

Jumapili: ukoo kujuana

Siku ya tatu haina mapambo mengi. Watu hukusanyika nyumbani, wengi wakiwa kwenye kanga na vitenge vya kawaida, kula vilivyobaki na kupika vingine. Kwa maana ya ndoa, hii inaweza kuwa siku yenye uzito kuliko zote, kwa sababu pande mbili zinakutana bila mshereheshaji. Bibi hueleza ukoo: huyu ni mtoto wa dada yangu tumbo moja, yule mmwite baba mdogo, hawa ni watani, na wale msioane nao. Kijana aliyekulia mjini mara nyingi husikia habari hizi kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Radhi pia hutolewa hapa. Namna hutofautiana kwa dini na kabila: dua, sala, kuwekewa mikono kichwani, kunyunyiziwa maji au unga. Kinachofanana ni kwamba mtoaji ni mzee, na maharusi hupiga magoti au kukaa chini mbele yake.

Kwa familia zilizotawanyika, Jumapili ni siku ya simu. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 familia nyingi za Unguja na Pemba zilihamia Oman, na hadi leo bibi anaweza kuwa Muscat na mjukuu akaolewa Mji Mkongwe, au kinyume chake. Picha za moja kwa moja kwenye simu zimepunguza umbali huo. Fedha nazo husafiri kwa simu: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo michango na tuzo nyingi zimeacha bahasha. Bibi aliyezoea kufunga noti kwenye pindo la kanga sasa hupokea ujumbe, na hutafuta mjukuu wa kumsomea.

Safari na afya

Bibi anayetoka mbali anahitaji mpango wa safari. Kutoka Moshi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, na kutoka Bukoba ni zaidi ya 1,300. Utafiti uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 ulionyesha kuwa safari ya kukaa kwa saa 4 au zaidi huongeza mara mbili hivi hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Mzee ashuke kila basi linaposimama, atembee kidogo na anywe maji. Kwa wanaotoka Dodoma na Morogoro, treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 imewapa wazee nafasi ya kusimama na kutembea njiani. Ni vyema afike siku mbili kabla, ili Ijumaa isimkute amevimba miguu.

Dawa za shinikizo la damu na kisukari zibaki kwenye mkoba wake wa mkononi, na mtu mmoja apewe jukumu la kumkumbusha saa za kuzimeza. Chakula cha ukumbini huchelewa, kwa hiyo ale nyumbani kabla ya kutoka. Chupa ya soda ya kola ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, na maji ndiyo kinywaji salama kwake. Choo kilicho karibu, kiti chenye mgongo, na gari la kumrudisha mapema akitaka kupumzika ni mambo ya kuandikwa kwenye daftari la kamati, sawa na keki na maua.

Jukumu hili lote linahitaji mtu mmoja tu, mjukuu mwenye subira asiye na kazi nyingine siku hiyo. Wahenga wamesema penye wazee haliharibiki neno, lakini mzee aliyechoka, mwenye njaa na asiyesikia kinachosemwa hana namna ya kulinda neno lolote. Kamati inayoandaa harusi ya rangi na sare imuulize bibi mambo mawili mapema: anataka kuvaa nini, na anataka kusema lini. Majibu yake yaandikwe kwenye ratiba kabla kadi hazijapelekwa kuchapwa.